Kesi ya Karatasi 417

1

Wapalizi walifika Kwemzuru siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, wakatua juu ya bati la msikiti kama kunguru waliolazimishwa kusikiliza hotuba. Walikuwa mia tatu na ushei. Kila mmoja mashine ya ukubwa wa ngumi, tumbo la bati, mdomo kama mkasi wa fundi cherehani. Hawakugusa kitu. Sheria inawataka wakae siku saba mahali pageni, wausome mlima jani kwa jani, na siku ya nane ndipo waanze kuua.

Wapalizi hawana chuki na mtu. Nimewaona kule Korogwe wakipita kwenye mahindi, wakichagua magugu kama bibi anavyochagua mchele, wasivunje hata udevu mmoja wa hindi. Wanachokijua ni Daftari tu. Jenasi ikiandikwa humo kwa wino mwekundu, kila mmea wa jenasi hiyo unakatwa shingo, mkubwa kwa mdogo, kama ukoo uliolaaniwa pamoja na vitukuu vyake. Na mpalizi akishakata, hutaja jina la alichokiua, kwa sauti ya kike iliyotulia, ili watu wasije wakasema wameonewa. "Zumbea. Imekatwa." Kisha huyo, anaruka kwa mwingine.

Zumbea ilitiwa wino mwekundu kwa sababu ya mmea ambao watu wa pwani wanauita mng'oapaa. Nao hawakuusingizia. Ulikuwa unapanda ukutani asubuhi, adhuhuri umeshika kenchi za paa, alasiri bati liko angani. Pangani ulimnyanyua karani wa mahakama pamoja na kiti chake na faili alilokuwa akisoma, ikabidi kesi iahirishwe mpaka ateremshwe kwa ngazi ya zimamoto. Hayo watu waliyacheka. Hawakucheka ulipoanza kuangusha nyumba juu ya waliolala ndani.

Tatizo letu sisi wa milimani ni kwamba Zumbea ilikuwa na spishi mbili. Ya pili tunaiita machozi ya mwamba: kijimea cha urefu wa kidole, majani ya manyoya, ua la zambarau, kinachoishi kwenye Jabali la Kwemzuru mahali maji yanapochuruzika. Mizizi yake ndiyo inayolishika lile jabali. Mwaka fulani mbuzi walikula ukanda wa machozi upana wa shuka moja, na wiki hiyohiyo jiwe likashuka, likapiga hodi jikoni kwa mama Shembilu, likakaa. Mpaka leo wanapika kwa kulizunguka. Chini ya jabali kuna nyumba mia mbili na kumi. Moja ni ya binti yangu.

Mwenyekiti wa kijiji, Bakari Shembilu, mtoto wa mama huyohuyo mwenye jiwe, alikuja kwangu mchana uleule akiwa na watu sita. Hakuna aliyenisalimia. Walisimama mlangoni kama wanaokuja kumtoa mchawi, na yeye akaniambia nimeitwa Tanga, Jumba la Majina, kutoa ushahidi juu ya karatasi namba 417.

Niliijua. Niliibandika kwa mikono yangu.

2

Hapa lazima nieleze kwa nini dunia yenye mashine zinazoruka ilikuwa inamwita mzee wa gundi kutoka mlimani.

Zamani wataalamu walikuwa wanapima vinasaba vya jani na kujua ukoo wake kabla chai haijapoa. Kisha kukatokea Mchanganyiko. Kuna wajuzi fulani walitengeneza kidudu cha kurekebisha mazao, kidudu kikatoroka, kikaingia katika kila kitu chenye kijani. Tangu hapo mimea ikawa kama mashahidi wa kununuliwa. Ukiipima asubuhi inasema hivi, ukiipima jioni inasema vile. Muhogo ulipimwa ukaonekana ni mchicha. Wapalizi wa kwanza walimaliza migomba ya wilaya nzima kwa kosa hilo.

Ikabidi dunia irudi kwenye makaratasi. Kila jina la mmea tangu zamani limetundikwa kwenye sampuli moja iliyokaushwa na kubandikwa, na hiyo ndiyo mama wa jina. Sampuli zilizokaushwa kabla ya Mchanganyiko hazibadiliki, maana kilichokufa hakihongeki. Kwa hiyo mashine zote za bara hili zikawa zinaamua nani afe kwa kutazama vijiti vilivyobandikwa na watu kama mimi, waliokuwa wanalipwa chini ya mpishi.

Mimi nilibandika pale Jumba la Majina miaka thelathini na mmoja. Gundi yangu ilikuwa uji wa unga wa muhogo na mwarobaini kidogo kuwatisha wadudu, na mende wa jumba lile walikuwa wakinipita wameziba pua. Karatasi elfu arobaini. Kila mbandikaji alikuwa na aibu yake; kuna aliyegeuza ua chini juu, kuna aliyebandika jani la chai aliyokuwa akinywa. Mimi sikuwa na doa. Na doa baya kuliko yote katika kazi ile ni kuweka mimea miwili kwenye karatasi moja. Mtu akifanya hivyo, jina linakuwa na mama wawili, na watoto hawajui wamlilie nani.

Sasa karatasi 417, karatasi mama ya jenasi Zumbea, ilikuwa na vitu viwili juu yake. Kushoto kijimea cha ua la zambarau. Kulia kipande cha mtambaa kinene kama kidole gumba, chenye makucha. Katikati, chini, lebo.

Wanasheria wa kijiji waliiona picha yake wakashangilia. Mbandikaji alikosea, walisema. Alichanganya. Ikithibitika, Msajili wa Majina analazimika kuigawa jenasi: jina moja libaki kwa huyu, jingine litungwe kwa yule, na wino mwekundu umfuate mng'oapaa peke yake. Machozi ya mwamba yatapona. Kinachotakiwa ni mbandikaji mwenyewe akiri.

Shembilu alinieleza hayo akiwa amesimama, mimi nimekaa. Nikamwambia sikukosea. Akasema hajaja kuuliza.

"Mzee Hemedi," akasema, "jabali likishuka, hiyo sifa yako ya kubandika tutaifukia na wewe. Nenda kaseme ulikuwa mlevi."

Mlevi, mimi, ambaye pombe kali niliyowahi kuionja ni dawa ya kikohozi.

Lakini si sifa iliyoninyima usingizi njia nzima ya kwenda Tanga. Kilichoninyima ni kwamba nilijua kilichoko chini ya lebo.

Ule mmea niliung'oa mwenyewe. Marehemu Profesa Elirehema, aliyeipa jenasi jina, alikuwa mtu mwema lakini macho yake yalikwisha. Alikuwa akimwamkia mbuzi shikamoo. Alinituma nimletee machozi ya mwamba kutoka Kwemzuru. Nikauona mmoja umeota kwenye ufa, kati ya jabali na tanuri la matofali lililokuwa linawaka kwa mwezi wa pili mfululizo. Upande wa jabali, penye ubaridi, ulikuwa machozi: manyoya, ua la zambarau. Upande wa tanuri, penye joto, ulikuwa umetoa mtambaa wenye makucha, nao ulikuwa umeshafungua nusu ya paa la tanuri. Shina moja. Kifundo kimoja. Niliukata na kifundo chake.

Profesa aliliona ua, akaandika habari za ua, akafurahi. Yule mtambaa alidhani ni kijiti cha kushikizia. Mimi nilimwambia mara mbili. Akaniambia kazi yangu ni gundi. Basi nikabandika. Kifundo kilikuwa kimevimba, hakipendezi, na katika kazi yetu kisichopendeza huwekwa chini ya lebo.

Hakuna mimea miwili. Kuna mmoja. Akiwa kwenye baridi analia, ukimpeleka joto anang'oa paa. Na mito yetu yote inaishia Pangani.

3

Jumba la Majina liko mtaa wenye kivuli, na ndani kuna baridi ya mashine inayokufanya uhisi tayari umekaushwa. Msajili alikuwa Dokta Perpetua Rwegoshora, mwanamke mrefu mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kifuani, na yote ilikuwa inanitazama vibaya. Aliniuliza elimu yangu. Nikasema darasa la saba, mengine nilijisomea. Akaandika, akachora mstari chini ya alichoandika.

Karatasi 417 ililazwa mezani chini ya taa. Upande wa kulia walikaa walalamikaji wa pwani, maana sheria inawapa nafasi karibu na sampuli, waione kwa macho yao. Walikuwa wameleta mtu mmoja tu. Bi. Mwanakheri Sudi wa Pangani, mama wa makamo, kanga mbili, mikono yenye makovu mpaka kwenye kiwiko.

Alipopewa nafasi hakupandisha sauti. Alieleza kuwa mng'oapaa uliishika nyumba yake wakati yeye yuko kisimani na mumewe amejipumzisha. Aliporudi ukuta ulikuwa umemlalia. Alimtoa kwa kukata ule mmea kifundo kwa kifundo, kwa kisu cha jikoni, kutoka adhuhuri hadi magharibi, na kila kifundo alikuwa akikitazama kama anavyotazama uso wa mtu aliyemwibia. Alipomfikia, mzee wake alikuwa hayupo tena. Alisema wapalizi wakishaumaliza pwani, baada ya mvua unarudi. Anataka kujua unatoka wapi.

Kisha akanigeukia mimi, si Msajili.

"Wewe ndiye uliyeushika kwanza, kaka. Nieleze."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa dharau. Kwa swali lile sikuwa nimejitayarisha.

Kusema kweli kulikuwa rahisi mno. Mmea ni mmoja, bibi, unatoka kwetu, mbegu zake zinateremka na mto kila masika. Wino mwekundu ubaki. Siku ya nane wapalizi wapande jabali, na Bi. Mwanakheri apate kulala chini ya paa bila kulichungulia. Nami nirudi Kwemzuru na jina langu safi, nikawasubiri watu wa nyumba mia mbili na kumi wafukiwe. Na uongo nao ulikuwa rahisi, ila ungemwacha mama huyu akipigana na kivuli maisha yake yote, akidhani adui ni wa kwao.

Dokta Rwegoshora alinisomea kiapo. Akaniuliza kama mimi, Hemedi Singano, nilichanganya mimea miwili kwenye karatasi mama ya Zumbea.

Nyuma yangu nilimsikia Shembilu akikohoa.

Nikasema ndiyo. Nikasema mwaka ule karatasi zilikuwa adimu, nikabana mimea miwili mahali pa mmoja, na Profesa hakuona. Nikaongeza ya ulevi, kwa kuwa uongo ukiwa na aibu ndani yake unaaminika upesi. Makarani wakacheka kwa pua. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba bara zima limekuwa likiua mimea kwa ulevi wa mzee mmoja.

Bi. Mwanakheri hakucheka. Alikuwa ananitazama mikono.

"Basi onyesha," akasema Msajili. "Bandua lebo. Kama ni miwili, mashina hayatakutana."

Hilo wanasheria hawakuniambia.

Walinipa kibanio, sufi na bakuli la maji ya vuguvugu. Kila mtu akainama. Sasa lebo ya gundi ya muhogo ina tabia yake. Ukiilowesha kwa subira, robo saa nzima, huachia kama ganda la ndizi mbivu na chini yake kila kitu kinabaki kilivyokaa. Ukiilowesha nusu, juu laini ndani kavu, inaondoka na kila ilichokishika. Mwanafunzi akifanya hivyo mara moja anafukuzwa. Mimi nilifukuzisha wawili.

Nililowesha nusu.

Nikaibana pembe, nikapumua, nikavuta. Ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayetoa gamba kwenye kidonda. Karatasi elfu arobaini, na sikuwahi kuchana lebo hata moja. Siku ile nilichana, na watu wakaona, wakasema si tulisema mlevi.

Pale lebo ilipokuwa palibaki mchubuko. Shina moja la kushoto limeishia hewani. Shina moja la kulia limeishia hewani. Kati yao, upana wa punje ya mpunga, karatasi tupu.

Dokta Rwegoshora alishusha kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu, akanyanyuka akiwa na hasira ya mtu aliyeharibiwa kitu asichoweza kukinunua. Aliniambia nimeua jina mara mbili, kwanza kwa kubandika na sasa kwa kubandua. Akasema mashina hayakutani, jenasi itagawanywa. Lebo iliyochanika akaisukuma kando kwa kalamu. Maandishi yake yalikwisha kunakiliwa siku nyingi, akamwambia karani aitupe.

"Nitaitupa mimi," akasema Bi. Mwanakheri, "nikitoka."

Alikuwa ameigeuza. Nyuma ya lebo, ndani ya gundi kavu, kilikuwamo kifundo, kimevimba, kina matundu matatu. Upande mmoja ukucha. Upande wa pili manyoya ya zambarau. Mwanamke aliyekata vifundo vile kutoka adhuhuri hadi magharibi hakuhitaji miwani miwili. Alinitazama. Akasubiri kidogo, kama anayenipa nafasi. Kisha akaifunga lebo kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akatoka bila kuaga.

4

Wataalamu wa mimea wana desturi ya kale. Wakimpenda mtu, humpa ua. Wakimchukia, humpa gugu. Anayeigawa jenasi ndiye mwenye haki ya kutunga jina jipya, na Dokta Rwegoshora hakuchelewa. Jina Zumbea liliachwa kwa machozi ya mwamba, kwa kuwa Profesa aliandika habari za ua, likafutwa wino mwekundu. Mng'oapaa ukapewa jenasi yake. Sababu ya jina iliandikwa kwa mstari mmoja: kwa kumkumbuka mbandikaji aliyeuficha.

Singanoa.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, wapalizi wa Kwemzuru walilisoma Daftari jipya, wakakunja midomo, wakaruka kurudi pwani. Watoto walipiga makopo. Shembilu alichinja mbuzi, na mimi sikualikwa. Ukoo wa Singano ulikaa kikao, wajomba zangu wakauliza jina la babu yao limeingiaje kwenye orodha ya vitu vya kuua. Nikawaambia ni ulevi. Binti yangu alinipa uji, akaweka bakuli chini, akaingia ndani. Nilikaa nikilitazama jabali juu ya nyumba yake, limelowa, zambarau tupu, halijui kitu.

Bi. Mwanakheri alikuja kabla mwezi haujaisha. Alipanda mlima kwa miguu, akasimama mbele ya jabali, akaligusa ua moja kwa kidole, akakifuta kidole kwenye kanga kana kwamba limemchafua. Ndipo akaja kwangu. Nilimkaribisha kiti, akabaki wima.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nimeshazika mmoja," akasema. "Sikutaka kuzika kijiji. Usidhani nimekusamehe."

Alieleza masharti yake kama anayemtuma mtu dukani. Wapalizi sasa wamefundishwa kwamba kidogo chenye manyoya ni kitu kingine, wasikiguse. Kwa hiyo kila masika mbegu zitashuka na mto, zitaota Pangani zikiwa na sura ya machozi, na mashine zitaziruka mpaka siku zitakapoota makucha, na siku hiyo ni moja tu kabla ya paa kuondoka. Lazima awepo mtu wa kuzing'oa zikiwa bado na ua. Mtu anayezijua kwa mkono. Lebo ameiweka kwenye fremu, nyuma ikitazama mbele, kwenye ukuta unaoelekea uani.

"Siku utakayochoka," akasema, "mimi nitapanda gari la Tanga."

Tangu hapo kila masika niko uani kwake, na kwenye nyua za jirani zake kumi na nne, nimepiga magoti. Ananiletea chai isiyo na sukari, anaiweka mbali kidogo ya mkono wangu ili niinuke. Majirani wanamuuliza mzee huyu kichaa anang'oaje maua mazuri namna hii, naye hujibu kuwa ndiye aliyeleta balaa kwa ulevi, mwacheni afanye kazi. Hilo la ulevi analitamka kwa raha.

Jana niling'oa mmoja karibu na msingi wa nyumba, pale ulipoanguka ule ukuta. Ua lilikuwa limefunguka asubuhi ileile. Chini, kifundo, matundu matatu, na upande wa jua ukucha mwembamba kama wa paka mchanga. Bi. Mwanakheri alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanyoosha kiganja, nikamwekea. Aliutazama pande zote mbili, kwanza manyoya, kisha ukucha, akaukunja kwenye ngumi yake yenye makovu mpaka maji yakatoka.

Juu ya mapaa wapalizi walikuwa kazini tangu alfajiri. Mmoja alitua kwenye bati la jirani, akauma, akatulia, akasema kwa ile sauti yake isiyo na ugomvi na mtu:

"Singano-a. Imekatwa."

Na mwingine, nyumba ya tatu. Na mwingine, ng'ambo ya mto.

Bi. Mwanakheri aliutupa mmea kwenye karai.

"Wamekutaja," akasema. "Endelea na upande wa choo."